Wageni Waliojenga Masasi

Mwaka 1876 Bwana Askofu Steere alitoka Unguja na watu wa Mbweni, waliokombolewa katika utumwa. Nia yake ilikuwa kuwarudisha kwao, upande wa Nyasa. Lakini kwao wapi? Wengi walitekwa utotoni, wasijue tena jamaa zao. Walipofika Masasi wakaona nchi ni njema, wakajenga. Hapakuwa na ukoo wa kuwakusanya, ila kanisa; aliyepiga magoti karibu nawe ndiye nduguyo.

Mwaka 1882 wakaja Wangoni walioitwa Magwangwara, wakaua, wakachukua mateka. Kutekwa mara ya pili! Habari hiyo, nami ni mwalimu, kila niisomapo hunitia uchungu. Ndipo Padre Porter akafunga safari hata kwao Magwangwara, kuwatafuta waliotekwa, kama mtu awatafutavyo wana wa nduguye.