Saa ya Loitokitok: Kutoka Gazeti Rasmi la 1908 hadi Ufunguo wa Ruta

Mji wa Loitokitok, ulio kusini mwa Kaunti ya Kajiado, chini ya mteremko wa kaskazini wa Kilimanjaro na jirani na mpaka wa Tanzania, umekaa karibu kabisa na mstari wa longitudo ya nyuzi 37 na nusu mashariki ya Greenwich. Kwa kuwa dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, jua la hapo huitangulia Greenwich kwa saa mbili na nusu, na hiyo ndiyo tofauti iliyotangazwa katika Gazeti Rasmi mwezi Mei 1908, Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya leo, ilipowekewa saa moja ya kufuatwa na wote. Nairobi, ambayo jua lake huchelewa karibu dakika tatu nyuma ya lile la Loitokitok, ililazimika kujirekebisha, ilhali huko Loitokitok saa ya serikali na jua vilikwenda sambamba.

Ulinganifu huo haukudumu. Usiku wa 30 Juni 1928 saa za Kenya zilisogezwa mbele kwa nusu saa, zikarudishwa nyuma 4 Januari 1930, zikaongezwa dakika 15 tarehe 31 Desemba 1936, na tarehe 31 Julai 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili, zikaongezwa dakika 15 nyingine, ikapatikana tofauti ya saa tatu inayotumika hadi leo. Tangu hapo jua la Loitokitok hufika utosini, kwa wastani wa mwaka, saa sita na nusu. Historia hii inaonyesha kwamba saa ya pamoja ni tangazo la mamlaka, na tangazo huaminika pale tu anayelipokea anapojua limetoka kwa nani: msomaji wa Gazeti alitambua chapa ya serikali, na msikilizaji wa redio alitambua sauti ya kituo.

Mitandao ya kompyuta ilipoenea, utambuzi huo ulihitaji njia mpya. Mwaka 1985 Mmarekani David Mills alichapisha maelezo ya NTP, itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, ya kulinganisha saa mtandaoni. Ruta, kifaa kinachoelekeza pakiti za data, huiuliza seva saa, hupima muda ambao swali na jibu vimetumia njiani, kisha hurekebisha saa yake. Hata hivyo, anwani ya anayejibu huweza kughushiwa, na ndiyo maana toleo la pili la mwaka 1989 lilileta uthibitishaji kwa ufunguo, yaani neno la siri linalojulikana na pande mbili tu. Seva hukokotoa alama fupi kutokana na ufunguo na pakiti, huiambatisha pamoja na namba ya ufunguo, na ruta hurudia hesabu hiyo. Alama zisipolingana, jibu hutupwa.

Kazi ya fundi ina hatua nne: kuwasha uthibitishaji, kuandika ufunguo na namba yake, kuutaja kuwa wa kuaminika, na kuufungamanisha na anwani ya seva. Katika ruta za Cisco hatua ya mwisho ikisahauliwa, saa isiyothibitishwa huendelea kupokelewa. Kanuni ya MD5, iliyotumiwa kwa miaka mingi kukokotoa alama hizo, udhaifu wake ulibainishwa mwaka 2004. Mwaka 2019 AES-CMAC ilipendekezwa mahali pake, na mwaka 2020 ukasanifiwa mfumo wa NTS, unaoitambulisha seva kwa cheti cha kidijitali.

Kwa Kenya suala hili si la mafundi peke yao. Mwaka 2009, ambao nyaya za intaneti za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, ndio pia Sheria ya Ushahidi ilipoongezewa kifungu cha 106B, kinachokubali kumbukumbu za kielektroniki mahakamani kwa masharti, likiwemo kwamba kompyuta iliyozitoa ilikuwa ikifanya kazi ipasavyo. Kumbukumbu za benki, hospitali au ofisi ya mpakani hupoteza thamani iwapo saa yake inaweza kubadilishwa na mtu asiyejulikana. Kwa hiyo kila taasisi ya Kajiado inayoendesha ruta zake inapaswa kuhakikisha kwamba saa inayozifikia imethibitishwa kwa ufunguo, na kwamba ufunguo huo hubadilishwa mara kwa mara.