Soseji, kope nzito na daktari mshairi

Hebu fikiria uko Württemberg, kusini mwa Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 19. Jirani yako kala soseji ya damu, na siku ya pili anaona kila kitu viwili viwili. Kope zinamwangukia. Mdomo umekauka, hata maji hayamezeki. Homa hana, na ukimuuliza jambo anakujibu kwa akili timamu. Kisha udhaifu unashuka: shingo, mikono, kifua, mpaka kupumua kunamshinda.

Daktari Justinus Kerner, ambaye pia alikuwa mshairi, alikusanya visa vya namna hii, na mwaka 1822 akachapisha kitabu chenye visa 155. Enzi hizo hakuna aliyejua kuwa bakteria huleta ugonjwa huu. Kerner alikuwa na dalili tu. Basi akajiuliza: ni kitu gani kinachokausha machozi na mate, kinafunga choo na kulegeza misuli, halafu akili kinaiacha salama? Alifikia hatua ya kuonja mwenyewe sumu aliyoitoa kwenye soseji! Jibu lake: sumu inakata mawasiliano ya neva na viungo. Alikuwa sahihi. Leo tunajua inazuia neva kutoa asetilikolini, kemikali inayoamuru misuli ikaze na tezi zitoe majimaji.

Mhalifu alinaswa baada ya Desemba 1895, pale Ellezelles, Ubelgiji. Wanamuziki waliopiga mazishini walikula paja la nguruwe lililotiwa chumvi, na watatu wakafa. Émile van Ermengem akaipata bakteria kwenye ile nyama na kwenye mwili wa marehemu. Jina botulizimu linatokana na botulus, yaani soseji kwa Kilatini.

Usidhani ni habari za Ulaya tu. Mwaka 1980 jarida la British Medical Journal liliripoti mlipuko nchini Kenya, na chakula chenyewe kilikuwa kumbikumbi. Bakteria hii haichagui nyama. Inachotaka ni mahali pasipo hewa.

Kwa nini ujali? Kwa sababu mgonjwa huyu anaweza kudhaniwa amelewa au amepata kiharusi, na dawa ya kupambana na sumu huzuia ulemavu usiendelee, haiurudishi nyuma. Kila saa ina thamani. Kope zote mbili zikilegea, mdomo ukikauka na akili iko sawa, muwahisheni hospitali, na mwambieni daktari alikula nini. Na chungeni maneno kitandani kwake: hawezi kufumbua macho, lakini anawasikia.