Tiketi ya kurudi: mwenye viza ya muda mrefu anaihitaji kweli?

Swali hili linarudi kila mwaka, zaidi karibu na mwezi wa tisa wakati wanafunzi wanaondoka. Mutu mwenye viza ya kukaa mwaka mzima, je, analazimishwa kuonyesha tiketi ya kwenda na kurudi, ile watu wanaita ale-retur? Kwa familia za Bukavu, Goma, Bunia ao Uvira, jibu lina uzito wa pesa. Mjomba ameuza kiwanja, shangazi ameongeza kidogo, kiisha jirani mmoja anasema: "Bila tiketi ya kurudi watakurudisha palepale." Jirani hajadanganya, lakini amesema nusu tu.

Yote inategemea viza iliyobandikwa ndani ya paspoti. Tuchukue Ubelgiji, inchi ambako Wakongomani wengi wanaenda. Kuna viza C, ya kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Hiyo inafuata sheria moja ya inchi zote za Schengen, sheria namba 810 ya mwaka 2009. Katika vitu ambavyo ubalozi unatazama ili ujue kama mgeni atarudi kwao, mna tiketi ya kurudi ao rezervasio yake. Na hata viza ikishapatikana, polisi wa mpaka wana haki ya kuuliza: unakuja kufanya nini, utalala wapi, pesa ya kuishi na ya kurudi iko wapi? Mwenye viza C akifika na tiketi ya kwenda tu, anajitafutia maswali.

Viza D ni kitu kingine. Ni ya kukaa zaidi ya siku 90: masomo, kazi, kufuata bwana ao bibi. Inatolewa kwa sheria ya inchi yenyewe, na kusudi lake ni mutu abakie. Mwanafunzi anaombwa barua ya kukubaliwa chuoni, cheti cha daktari, cheti kwamba hana kesi, na ushahidi wa pesa ya kuishi, iwe bursi ao karatasi ya garanti inayoitwa "annexe 32". Tiketi ya kurudi si msingi wa viza hiyo. Akifika, kazi yake ya kwanza ni kujiandikisha kwenye komini ya mahali anapokaa, ndani ya siku 8 za kazi, ili apate kadi ya ukaaji. Ufaransa mambo yanafanana: mwenye viza ya muda mrefu inayosimama kama kibali cha kukaa anaithibitisha kwa intaneti ndani ya miezi 3.

Kuna na sababu ya kawaida kabisa. Tiketi ya ndege kwa desturi haipiti mwaka mmoja, na kampuni nyingi haziuzi safari ya zaidi ya miezi kumi na moja hivi mbele. Mutu anayekwenda kusoma miaka mitatu angenunua kurudi kwa tarehe gani?

Sasa mbona kuna wenye viza D wanaosumbuliwa? Mara nyingi shida haianzii Brussels, inaanzia kwenye meza ya kampuni ya ndege, Kigali, Entebbe, Bujumbura ao Kinshasa. Kampuni ikimbeba mutu ambaye atakataliwa, inamrudisha kwa gharama yake na inaweza kulipa faini. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2001 inataja, katika hesabu yake mojawapo, faini isiyopungua euro 3,000 kwa kila msafiri. Njo maana yule mfanyakazi wa mezani anaogopa kuliko polisi. Anaangalia kompyuta, ndani ya programu inayoitwa Timatic, akiona "kwenda tu" anauliza. Jibu ni kumfungulia ukurasa wa viza, kumwonyesha herufi D na tarehe, pamoja na barua ya chuo ao mkataba wa kazi. Karatasi hizo zikae mkononi, si ndani ya valizi iliyokwisha kupelekwa. Akikataa bado, msafiri aombe mkubwa wa zamu, kwa upole, na afike mapema ili saa zisimwishie pale.

Wengine wananunua ale-retur kwa sababu wakati fulani bei yake iko chini ya ile ya kwenda tu. Hakuna kosa. Lakini wajue: mutu asipopanda safari ya kwanza, kampuni nyingi zinafuta na ile ya kurudi. Tiketi za bandia zinazouzwa kwa WhatsApp ni hatari zaidi, kwani mezani wanaangalia namba palepale, na karatasi ya uongo inaweza kuharibu viza iliyokuwa halali.

Jambo moja linasahauliwa: njia. Kongo iko kwenye orodha ya inchi ambazo raia wake wanahitaji viza ya kupita hata ndani ya uwanja wa ndege wa Schengen, bila kutoka inje. Mwenye viza halali ya Kanada ao Marekani anasamehewa. Mwenye kwenda kwingine aulize kabla ya kulipa.

Upande wa Ghuba, swali linageuka. Kuna mawakala wanaowaambia vijana: "Chukua viza ya matembezi ya Dubai, nunua ale-retur ya kuonyesha, kazi utaipata kule." Hapo tiketi ya kurudi inatumika kama kifuniko. Viza ikiisha, faini inahesabiwa, dirhamu 50 kila siku, na mutu anabakia mikononi mwa aliyempeleka. Mwenye kazi ya kweli anatumiwa kibali cha kuingia kwa ajili ya kazi mbele ya kusafiri. Tena sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, ya mwaka 2021, inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa. Wakala anayeomba dola mia kadhaa "juu ya viza ya kazi" halafu analeta viza ya matembezi, familia imwombe kwanza mkataba, na jina la mwajiri lionekane juu yake.