Kitako cha kukunja kwenye shotgun: Soma hapa kabla hujabadilisha

Pita Mlowo usiku wakati wa msimu wa kahawa. Malori yamepaki pembeni ya barabara kuu ya Mbeya–Tunduma, maghala yamejaa mzigo, na mbele ya sheli utamkuta mlinzi amekaa na shotgun mapajani.

Mara nyingi ni ile ambayo taarifa za polisi huiita "shotgun pump action", yaani bunduki ya pampu. Unavuta mkono wa mbele kurudi nyuma, ganda linatoka, unasukuma mbele, risasi nyingine inaingia.

Shida yake ni urefu. Yenye mtutu wa inchi 18 na kitako cha kawaida inakaribia mita moja. Kugeuka nayo kwenye kibanda cha lindo ni kazi, kwenye kabini ya pick-up ni kazi zaidi, na kwenye bodaboda ndiyo usiseme. Hapo ndipo watu wanaanza kuulizia kitako cha kukunja.

Je, kinafaa? Inategemea unalinda nini. Twende hatua kwa hatua.

Kitako kinafanya kazi gani?

Wengi wanadhani kitako ni mpini tu. Ukweli ni kwamba kinafanya kazi tatu kwa pamoja.

Kwanza, kinapokea teke. Shotgun ya saizi 12 inarudisha nguvu nyingi nyuma. Kitako kinaitawanya nguvu hiyo begani badala ya kuiacha iishie kwenye kiganja.

Pili, kinaweka jicho mahali pake. Shavu likilala juu ya kitako, jicho linakuwa kwenye mstari mmoja na mtutu. Shavu likikosa pa kulala, unakisia tu.

Tatu, kinaishikilia bunduki wakati unavuta pampu. Bila bega kuikaza, watu wengi hawaivuti pampu hadi mwisho. Ganda linakwama, na risasi ya pili haipo.

Kwa hiyo kabla ya kununua kitako chochote, jiulize kama kitafanya hizo kazi tatu kikiwa kimekunjuliwa, na ni kipi utapoteza kikiwa kimekunjwa.

Aina unazoweza kukutana nazo

*Cha kukunjia juu.* Hiki ni cha chuma, kinapinda na kulala juu ya mwili wa bunduki. Remington iliwahi kukitengeneza kwa ajili ya Model 870 za polisi. Kinaifanya bunduki kuwa fupi na nyembamba. Lakini kikiwa kimekunjwa kinaweza kukuziba usilenge vizuri, na kikikunjuliwa, shavu linakutana na chuma kitupu. Ukifyatua, utaikumbuka siku hiyo.

*Cha kukunjia pembeni.* Kina bawaba upande mmoja. Hapa angalia kinalala upande gani. Remington 870 na Mossberg 500 zote zinatoa maganda upande wa kulia. Kitako kikilala kulia na kuziba tundu hilo, huwezi kuitumia bunduki ikiwa imekunjwa, na kuipakua salama kunakuwa kugumu.

*Cha kuvutwa.* Hiki hakikunjwi. Kinaingia ndani na kutoka nje kwa hatua, kama kirefusho cha ngazi. Hakipunguzi urefu sana, ila kinawafaa watu wa maumbo tofauti wanaopokezana bunduki moja. Kwa kampuni ya ulinzi, mara nyingi hiki ndicho kinachotatua tatizo lenyewe.

*Mshikio wa bastola bila kitako.* Wengine wanaondoa kitako kabisa na kubakiza mshikio tu. Kwenye filamu inapendeza. Kazini, kazi zote tatu tulizotaja juu zimeondoka.

Vitu vya kukagua

Ukiwa dukani kwa muuzaji mwenye leseni, usiangalie bei kwanza. Angalia haya:

• Bawaba. Ikunjue, ishike, itikise. Ikicheza hata kidogo ikiwa mpya, baada ya risasi kadhaa itacheza zaidi. Chuma au alumini nzito ni bora kuliko plastiki kwenye sehemu hiyo.

• Lachi. Ijaribu kwa mkono mmoja, gizani, ukiwa umevaa koti. Mlowo usiku kuna baridi. Kisichofunguka ukiwa na koti hakina maana kwenye lindo.

• Urefu. Kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako, vingi viko karibu na sentimita 33 hadi 36. Mtu mfupi akipewa kirefu, bunduki inamtoka begani.

• Mpira wa nyuma. Kitako kisicho na mpira kinaumiza, na mlinzi anayeogopa teke hufumba macho kabla ya kufyatua.

• Sefti. Ya Mossberg 500 iko juu, kidole gumba kinapofikia. Ukiweka kitako chenye mshikio wa bastola, gumba halifiki tena bila kuachia mshiko. Ya Remington 870 ni kitufe nyuma ya kifyatulio, haina shida hiyo.

• Modeli. Kitako cha Remington hakiingii kwenye Mossberg. Usikubali kuambiwa "tutachonga kidogo".

• Kutu. Mbozi inanyesha miezi mingi. Bawaba ina pini na springi, na maji yakiingia humo hayatoki yenyewe. Kitako cha kawaida hakina kitu cha kukwama.

Faida ni sentimita ngapi?

Kukunja kunapunguza takriban sentimita 20 hadi 25. Si haba ukiwa ndani ya gari la kusindikiza fedha, mahali ambapo mlinzi anashuka na kupanda mara nyingi. Hapo kitako cha kukunja kina sababu.

Kwenye geti la ghala au sheli, hali ni tofauti. Mlinzi amesimama sehemu ya wazi, na mbele yake kuna watu: wauza mahindi ya kuchoma, madereva, abiria wa usiku. Kwa makadirio ya kawaida, goroli kubwa husambaa kama sentimita 2.5 kwa kila mita moja. Mita 20 mbele, zimeshachukua upana wa nusu mita. Ukifyatua kutoka kiunoni kwa sababu hukuwahi kukunjua kitako, nusu mita hiyo hujui itaangukia nani.

Sheria inasemaje?

Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya 1991. Leseni inamfunga mmiliki na silaha mahususi. Biashara ya silaha ina leseni yake, na ufundi wa silaha vilevile. Fundi welding wa mtaani, hata awe hodari namna gani, hayumo.

Kama wewe ni mlinzi, kuna jambo jingine: bunduki ni ya kampuni. Huna ruhusa ya kuifunga kitako ulichonunua mwenyewe.

Utaratibu salama ni huu. Nenda polisi na leseni yako, eleza unataka kubadilisha nini na kwa nini, upate ruhusa kwa maandishi. Kisha fundi mwenye leseni afanye kazi, na karatasi zikae pamoja na leseni.

Nje ya nchi pia jambo hili linachukuliwa kwa uzito. Baada ya mauaji ya Hungerford ya 1987, Uingereza ilitunga sheria mwaka 1988 inayopiga marufuku shotgun za pampu zenye urefu chini ya inchi 40, na kitako cha kukunja hakihesabiwi kwenye kipimo. Marekani, sheria ya shirikisho ya 1934 inataka mtutu usipungue inchi 18 na bunduki nzima isipungue inchi 26, la sivyo isajiliwe kwa utaratibu maalumu.

Sababu ni moja: bunduki fupi inafichika. Ndiyo maana taarifa nyingi za polisi hapa kwetu kuhusu majambazi zinataja bunduki "iliyokatwa kitako na mtutu". Kukata kitako hakufanani kabisa na kufunga kitako cha kukunja kwa kibali. Lakini kwenye kizuizi cha barabarani saa nane usiku, karatasi ndiyo itakayoonyesha tofauti hiyo.

Kwa kifupi

• Unalinda geti, ghala, duka au sheli: baki na kitako cha kawaida chenye mpira mzuri.

• Bunduki moja inatumiwa na walinzi wa maumbo tofauti: fikiria cha kuvutwa.

• Unasindikiza mzigo ndani ya gari: cha kukunjia pembeni, kisichoziba tundu la maganda.

• Unataka iwe fupi ili isionekane: acha. Hapo hauzungumzii tena ulinzi.

Na kama tatizo ni kibanda kidogo, kuna suluhisho la bei nafuu kuliko bawaba yoyote: mkanda wa begani, na mlango wa kibanda uliopanuliwa.