Amplifaya ndogo ya valvu ya gitaa

Amplifaya ndogo ya valvu ni chombo cha kukuza sauti ya gitaa la umeme kinachotumia valvu za kioo badala ya transista. Nguvu yake kwa kawaida haizidi wati 15, na huundwa kwa mkono katika karakana ya fundi mmoja au mafundi wachache. Mpiga gitaa huitafuta kwa sababu moja kubwa: ikisukumwa karibu na mwisho wa uwezo wake, sauti hufuata mkono. Ukigusa uzi kwa upole, noti hutoka safi. Ukikaza mkono, noti ileile huanza kunguruma na kukwaruza, ikipanda hatua kwa hatua bila kukatika ghafla.

Udogo huo ndio kiini cha ubunifu wake. Katika amplifaya kubwa kila sehemu ina akiba, kwa hiyo moja ikibadilishwa nyingine hazihisi sana. Katika ndogo akiba haipo: valvu ya nguvu, valvu ya kunyoosha umeme, transfoma na spika hufikia ukomo karibu wakati mmoja, na sauti inayotoka ni mapatano ya zote. Makala haya yanafuata saketi moja maarufu, 5F1 ya Fender Champ, yenye valvu tatu tu na kitufe kimoja cha sauti. Mafundi wengi huanzia hapo, na wengi wa waliobobea hurudi hapo.

Asili

Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming aliunda valvu ya diodi, na mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaongeza ndani yake waya wa tatu, gridi. Valvu ya nguvu 6V6 ilitoka mwaka 1936, na miaka kama kumi baadaye kampuni ya RCA ikatoa 12AX7, ambayo ndani ya kioo kimoja ina valvu mbili ndogo. Zilikusudiwa redio na vyombo vya kuchezea santuri, si gitaa.

Leo Fender wa Fullerton, California, alikuwa fundi redio kabla ya kutengeneza magitaa, na hilo linaonekana katika michoro yake: ni saketi za vitabu vya watengenezaji wa valvu, zilizopunguzwa hadi zikabaki na vitu vya lazima tu. Champ ya 5F1 ilitengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kama amplifaya ya bei nafuu kwa wanafunzi.

Mwaka 1962 huko Hanwell, magharibi ya London, Jim Marshall akiwa na Ken Bran na Dudley Craven walichukua saketi ya Fender Bassman 5F6-A na kuunda JTM45. Kwenye karatasi tofauti ni chache. Lakini walitumia spika za Celestion za inchi 12 katika sanduku lililofungwa, transfoma zilizopatikana Uingereza, na baadaye kidogo valvu za KT66, na sauti ikawa nyingine kabisa. Nauona huu kuwa ushahidi mzuri kuliko wote kwamba mchoro peke yake hausemi amplifaya italia vipi.

Uundaji wa karakana ndogo ulikua Marekani. Randall Smith alijipatia jina kwa kuingiza saketi yenye nguvu ndani ya sanduku dogo la Fender Princeton, kazi iliyozaa Mesa/Boogie. Alexander Dumble alitengeneza amplifaya chache kwa wateja aliowachagua, akafunika sehemu za saketi kwa gundi ngumu ili zisinakiliwe. Leo baadhi huuzwa kwa zaidi ya dola 100,000. Ken Fischer wa Trainwreck, New Jersey, alizipa amplifaya zake majina ya wanawake badala ya namba. Kampuni ya Matchless ilianzishwa mwaka 1989, na tangu hapo biashara ya amplifaya za mkono imekuwa na soko lake.

Njia ya sauti

Ndani ya valvu, kathodi hupashwa moto na kutoa elektroni, ambazo huvutwa na anodi yenye volti nyingi chanya. Gridi iko katikati na hufanya kazi ya koki ya bomba: mabadiliko madogo ya volti juu yake hufungua au kubana mkondo mkubwa unaopita. Gitaa hutoa sehemu ndogo tu ya volti moja. Katika 5F1 nusu ya kwanza ya 12AX7, ikiwa na rezista ya omu 100,000 kwenye anodi na ya omu 1,500 kwenye kathodi, huikuza mara makumi kadhaa.

Kutoka hapo sauti hupita kwenye kapasita ya mikrofaradi 0.02 inayozuia volti ya anodi na kuruhusu sauti peke yake, kisha kwenye kitufe cha sauti cha omu milioni 1. Thamani ya kapasita hiyo huamua besi kiasi gani ipite. Ikikutana na omu milioni 1 hukata masafa yaliyo chini ya hezi 8 hivi, wakati uzi mnene wa gitaa hutoa hezi 82; nafasi ni kubwa mno. Wabunifu wengi huipunguza kwa makusudi, kwa kuwa besi nyingi ikiingia katika hatua inayokwaruza hutoa sauti ya matope. Kapasita inayowekwa sambamba na rezista ya kathodi nayo ni chombo cha kuchonga sauti: katika amplifaya zake nyingi Fender alitumia mikrofaradi 25, inayokuza masafa yote sawa, ilhali mikrofaradi 0.68, iliyozoeleka katika amplifaya za Marshall, hupendelea masafa ya kati na ya juu.

Nusu ya pili ya 12AX7 huandaa sauti kwa ajili ya 6V6. Kathodi yake hupokea, kupitia rezista ya omu 22,000, sehemu ya sauti iliyorudishwa kutoka kwenye spika ili kusahihisha makosa. Ukiikata waya hiyo, amplifaya huongeza ukali, huanza kukwaruza mapema, na spika hujiachia zaidi. Ni jaribio la dakika moja, nami ningemshauri kila mwanafunzi alifanye kabla ya kununua kitu chochote cha ghali.

Valvu ya nguvu inahitaji hesabu. Kathodi ya 6V6 imewekewa rezista ya omu 470. Ukipima juu yake volti 19, mkondo ni 19 kugawa kwa 470, yaani karibu miliampia 40. Toa miliampia 3 hivi za gridi ya pili iliyomo ndani ya 6V6, zinabaki 37 za anodi. Kama kati ya anodi na kathodi kuna volti 290, valvu inachoma karibu wati 10.7, na kikomo kilichoandikwa na watengenezaji wa asili ni wati 12. Hapo valvu inafanya kazi kwa bidii bila kuungua. Anodi ikianza kuwa nyekundu gizani, rezista iongezwe au volti ipunguzwe mara moja. Majedwali ya RCA yanaonyesha kwamba 6V6 moja kwa volti 250, ikiangalia mzigo wa omu 5,000, hutoa wati 4.5, na ndiyo maana amplifaya za aina hii huitwa za wati 5.

Mzigo huo ni transfoma ya kutokea, inayobadilisha volti nyingi zenye mkondo mdogo kuwa volti chache zenye mkondo wa kusukuma spika ya omu 4 au 8. Kwa kuwa valvu ni moja, mkondo wake wa mfululizo hupita muda wote kwenye waya za transfoma na kutaka kujaza chuma chake sumaku. Kwa hiyo chuma hukatwa na kuachwa mwanya mwembamba. Transfoma ya Champ ya asili ilikuwa ndogo sana na ilipoteza besi. Fundi akiweka kubwa zaidi atapata mwili wa sauti, na pengine atapoteza ule ukali wa pua uliowafanya watu waipende Champ.

Umeme

Valvu ya 5Y3 hunyoosha umeme unaotoka kwenye transfoma kuu. Ni dhaifu, na udhaifu wake ni sehemu ya sauti: mpigaji akikaza, volti hushuka kidogo, noti hubanwa mwanzoni kisha huchanua. Baada yake kuna kapasita za mikrofaradi 16, 8 na 8, zikitenganishwa na rezista za omu 10,000 na 22,000. Kapasita ya kwanza isikuzwe ovyo, kwani kila amplifaya inapowashwa huivuta 5Y3 kwa mkondo mkubwa. Zinazofuata zinaweza kukuzwa, na inafaa zikuzwe, maana saketi ya valvu moja ya nguvu haijifutii mvumo wa umeme kama ile ya valvu mbili zinazosukumana.

Nchini Kenya na Tanzania umeme wa ukutani ni kati ya volti 230 na 240, hezi 50. Transfoma iliyotengenezwa Marekani kwa hezi 60 peke yake huweza kupata joto la hatari kwa hezi 50 hata ukiipunguzia volti kwa kifaa cha pembeni. Inunuliwe yenye maandishi ya 50/60. Hita za 12AX7 na 6V6 hutaka volti 6.3, zisizopanda wala kushuka zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo katika mtaa wenye umeme unaoyumba kidhibiti volti ni kinga ya valvu.

Ndani ya chasisi

Hapa ndipo kazi ya mkono inapoonekana, na kwa maoni yangu hapa ndipo mnunuzi anapolipia kwa haki. Transfoma mbili hukaa mbali na kugeuzwa nyuzi 90 ili moja isipandikize mvumo katika nyingine. Soketi ya gitaa huwa upande usio na transfoma kuu. Waya za hita husokotwa pamoja kwa kubana na kupitishwa kwenye kona, na zikikosa kiungo cha kati cha ethi, rezista mbili za omu 100 hutumika kukitengeneza. Waya za gridi huwa fupi. Ethi za hatua ya kwanza hurudi kwenye kapasita ya hatua hiyo, za valvu ya nguvu kwenye kapasita yake, kisha zote huungana na chasisi sehemu moja. Amplifaya iliyopangwa hivi hunyamaza hata sauti ikifunguliwa yote; iliyopangwa vibaya huvuma, na hakuna kapasita ya bei mbaya itakayoiponya.

Kuhusu bei za vipuri, soko lina imani nyingi. Rezista za kaboni za kizamani hutafutwa kwa jina la sauti ya kale, ilhali katika hatua ya kwanza huleta mchakacho kuliko zile za utando wa metali. Fedha iende kwenye transfoma na spika kwanza.

Volti 300 huua. Kapasita hubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa, kwa hiyo kila mara zimwagwe kupitia rezista na kupimwa kwa mita kabla ya kuingiza mkono. Plagi iwe ya pini tatu, na waya wa ethi ufungwe kwenye chasisi kwa bolti yake pekee, kwa kuwa mpigaji hushika nyuzi zilizounganishwa na chasisi hiyo. Uwashaji wa kwanza hufanywa kupitia balbu ya nyuzi iliyounganishwa mfululizo na umeme: balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti. Kamwe amplifaya isipigwe bila spika. Transfoma ya kutokea hupandisha volti hadi kupasua insuleta yake.

Spika na sanduku

Champ ilikuwa na spika ya inchi 8. Waundaji wengi wa sasa huweka ya inchi 10 au 12, na matokeo huwashangaza wateja. Spika yenye desibeli 100 kwa wati moja ikilinganishwa na yenye desibeli 97 ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya maradufu. Tena wati 5 zimepungukiwa na wati 50 kwa desibeli 10 tu, tofauti ambayo sikio huihesabu kuwa nusu ya ukubwa wa sauti. Chumbani amplifaya hii hupiga kelele. Jukwaani hutosha pamoja na maikrofoni. Fender alijenga masanduku kwa msonobari, mbao nyepesi inayotetemeka pamoja na spika, huku Marshall akitumia mbao za tabaka za mti wa bachi, ngumu zaidi na zenye besi iliyokazwa. Mgongo ulioachwa wazi husambaza sauti chumbani kote.

Valvu mpya sasa hutoka sehemu chache: JJ Electronic ya Čadca huko Slovakia, kiwanda cha Saratov nchini Urusi, na viwanda vya China. Mwezi Machi 2022, vikwazo vya Urusi vya kuuza bidhaa nje vilipoyumbisha soko, bei zilipanda na maagizo yakachelewa. Kwa hiyo anayebuni leo hupendelea 12AX7, 6V6 au EL84, zinazotengenezwa na viwanda zaidi ya kimoja. 12AX7 hudumu miaka mingi. 6V6 inayofanya kazi karibu na kikomo huchoka mapema zaidi, na kapasita kubwa za umeme hukauka kadiri miaka inavyopita. Vyote hivyo hubadilishwa kwa mkono bila kugusa saketi nyingine, kama fundi aliacha nafasi ya kutosha kuvifikia.