Zimwi la Karatasi

Katika mchezo wa Dungeons & Dragons kuna zimwi linalokula chuma. Likiugusa upanga kwa vipapasio vyake, upanga hugeuka kutu. Halikutoka kwenye ngano za kale. Lilitokana na mfuko wa vinyago vya plastiki vilivyotengenezwa Hong Kong, ambavyo Gary Gygax, mmoja wa wabunifu wa mchezo huo, alivinunua kwa bei ya chini huko Marekani.

Mwaka 1970 Gygax alipoteza kazi yake ya bima, akawa anatengeneza viatu nyumbani kwake Lake Geneva, Wisconsin. Kwa michezo yake ya mezani, askari wa risasi walipatikana madukani, lakini mazimwi yalikuwa adimu, hivyo akatumia alichokipata. Mwaka 1974, yeye na Dave Arneson walipotoa mchezo wao, toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000 tu. Kujitafutia zimwi la mezani, basi, ni desturi ya tangu mwanzo.

Karatasi nayo ilikuwa imeshazoea kazi ya kuwa vinyago vya mezani. Katika karne ya 18, wachapaji wa Strasbourg walitoa kurasa zenye picha za askari wa kukata na kusimamisha. Baadaye kiwanda cha Pellerin, kilichoanzishwa Épinal, Ufaransa, mwaka 1796, kikazieneza kurasa za aina hiyo. Asiyemudu askari wa risasi akapata kikosi kizima kwa mkasi na gundi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Steve Jackson Games ya Texas iliwapa wachezaji Cardboard Heroes: mashujaa na mazimwi ya kadi, yaliyochorwa na Denis Loubet, ya kukunja yakasimama yenyewe. Kisha ikaja kompyuta. Programu ya Kijapani ya Pepakura huchukua umbo la pande tatu na kulikunjua liwe vipande bapa vya kuchapwa nyumbani.

Kinachobaki ni kazi ya mkono, na hapo ndipo utamu ulipo. Karatasi ya kawaida hulegea, manila husimama. Kila mkunjo hukwaruzwa kwanza kwa ncha butu ili usivunjike ovyo, na kingo nyeupe hupakwa rangi kabla ya gundi. Sarafu ikibandikwa chini, joka halipeperuki. Likichanika vitani, unachapa jingine, na safari hii mkono wako umeshajua njia.