Moto, Mifugo na Uoto katika Nyika ya Mkomazi, Wilaya ya Same, 1951–2008

Historia ya moto katika Mkomazi haiwezi kutenganishwa na historia ya mifugo. Nyika hiyo, yenye takriban kilomita za mraba 3,200, imo katika kivuli cha mvua cha milima ya Pare na Usambara, na inapakana na Tsavo nchini Kenya. Uoto wake ni migunga, vichaka na nyasi ambazo hukauka baada ya masika na kuwa tayari kushika moto.

Pori la Akiba lilipoanzishwa mwaka 1951, baadhi ya wafugaji wa Kiparakuyo waliruhusiwa kubaki upande wa mashariki. Kwa wafugaji wa nyika, moto ni zana: huchoma nyasi kuukuu ili majani mapya yachipue na kupe wapungue. Aidha, malisho yenyewe hupunguza moto, kwa kuwa nyasi zilizokwisha kuliwa haziungui. Hata hivyo, watetezi wa pori walidai kuwa mifugo iliharibu ardhi, na mwaka 1988 wafugaji waliondolewa. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ilikataa ombi lao la kurejea.

Dan Brockington, katika kitabu Fortress Conservation (2002), alionyesha kwamba ushahidi wa uharibifu huo ulikuwa dhaifu kuliko ulivyotangazwa. Hoja yake ina uzito pia katika suala la moto. Ng'ombe wanapoondoka, nyasi hurefuka, na moto wa mwisho wa kiangazi huwa mkali kiasi cha kuua miche ya miti. Moto wa mapema, unaowashwa nyasi zikiwa bado na unyevu, huacha viraka visivyoungua ambamo wanyama na miche hujihifadhi. Kwa upande mwingine, malisho mazito pasipo moto hunenepesha vichaka.

Kwa hiyo, hapakuwa na uoto wa asili uliosubiri tu kurejeshwa. Kuondolewa kwa wafugaji hakukuondoa mkono wa binadamu, bali kulihamisha uamuzi wa lini na wapi pachomwe kutoka kwa wachungaji kwenda kwa askari wa wanyamapori. Mkomazi ilipokuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008, mamlaka hayo yalithibitishwa kisheria. Maarifa ya wachungaji yalibaki nje ya mipaka.